Ile Samahani Si Yangu

Kimandolu, Jumatano ya Majivu, Machi 5

Naitwa Elieza, mchoma ndafu. Atakayeliokota daftari hili asiulize ni Elieza yupi. Arusha hii ukisema Elieza wa ndafu, bodaboda anakuleta mpaka getini na wala haulizi mtaa. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa sababu babu yangu kule Machame aliona mikono hii inaujua moto kuliko inavyoijua kalamu. Hakukosea. Ndafu ni mbuzi mzima, aliyehasiwa na kunona, anaingia kwenye moto wangu asubuhi na anatoka jioni amepiga magoti kama anasali, ngozi inalia ukiigusa na kisu. Maharusi wa mji huu nusu yao wameanza ndoa na mbuzi wangu.

Naandika kwa sababu ya binti yangu Aika. Ndiye anayeshika simu ya biashara tangu magoti yaanze kunigomea. Jana alitoka kwenye semina ya wajasiriamali na maneno mapya, akili mnemba. Anasema kila biashara sasa itakuwa nayo, hata ya mama wa ndizi.

"Baba, mambo yamebadilika."

"Mbuzi amebadilika?"

"Mbuzi hapana."

"Moto?"

"Baba, nasema habari ya wateja."

"Wateja wana meno yale yale."

Akacheka, akaniambia mashine inaweza kuongea na kuandika yenyewe. Nikasema basi na mimi nitaandika mwenyewe, kwa mkono wangu, pole pole. Yake ikiandika ya kwake, ya kwangu yawepo.

Machi 8

Kwaresima. Hakuna harusi. Moto umelala na mimi nimelala.

Machi 11

Lomayani ameleta mbuzi kutoka Kisongo. Huyu ni Mwarusha, tumefanya kazi pamoja tangu ndevu zetu nyeusi. Yeye anahasi na kunenepesha, mimi nachoma. Hakuna anayemjua mbuzi kama Lomayani, isipokuwa mimi niliyemfundisha. Yeye anasema ni yeye aliyenifundisha mimi. Mtu akizeeka anachanganya mambo, namsamehe.

Machi 15

Aika ameniweka kwenye kiti, simu mbele ya mdomo. "Ongea kama unavyoongea na wateja, baba. Ongea sana. Mashine inataka kuizoea sauti yako."

Niliongea. Nilisema, "Karibu, umefika kwa Elieza mwenyewe. Ndafu wangu hataki kisu, anataka sahani. Wengine wanachoma mbuzi, mimi namlea motoni." Nikaeleza kuni za mti mkavu wa kahawa, zile za mashamba ya Meru wanayong'oa kahawa wapande parachichi, moshi wake ulivyo mtamu. Nikaeleza harusi ya mkubwa mmoja ambayo wageni waliacha keki wakamfuata mbuzi wangu mpaka mfupa. Mke wangu Theresia alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Afadhali simu imepata zamu ya kusikiliza. Mimi nimeshachoka." Aika akasema imetosha. Nikasema haijatosha, bado sijafika kwenye chumvi.

Machi 19

Mvua ya kwanza. Kuni nimeziingiza chini ya bati.

Machi 24

Leo nimejisikia nikiongea huku mdomo wangu umefumbwa. Mtu wa Njiro ameuliza bei kwenye wasap kwa kuongea, na sauti yangu ikamjibu. Yangu hii hii. Inavuta neno kama ninavyovuta, inakohoa kidogo kama ninavyokohoa. Nilisimama na mwiko mkononi.

Lakini niseme ukweli, ni sauti nzuri. Sikujua kama ni nzuri vile.

Aprili 2

Kanisani watu watatu wamenishukuru kwa ushauri wangu. Sijui niliwashauri nini. Nikasema karibuni tena. Mchungaji akasema, "Mzee Elieza, siku hizi unajibu haraka kuliko vijana." Nikamwambia akili haizeeki.

Usiku wa kuamkia leo imeuza ndafu wawili nikiwa nakoroma. Babu yangu angeona haya angesema ni uchawi, halafu angeuliza bei yake.

Aprili 7

Kijana amekuja getini, anaoa baada ya Pasaka, amekuja amejikunja kama aliyeitwa polisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unatetemeka, una homa?"

"Mzee, nimekuja kuuliza. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Hata sikujui."

"Jana kwenye simu uliniamkia. Ulisema shikamoo. Mama akaniambia mzee akikuamkia wewe kijana kuna jambo, nenda kaulize kabla halijakuwa kubwa."

Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe ile mashine inampa kila mteja shikamoo, mkubwa na mdogo, inadhani ndiyo heshima. Aika amesema atairekebisha, ni kitu kidogo. Nikamwambia shikamoo siyo chumvi, haimwagwi kwenye kila sahani. Kijana nimempunguzia bei apate usingizi.

Aprili 20, Pasaka

Kristo amefufuka na harusi zimefufuka. Aika amenionyesha mwezi wa tano wote, Jumamosi zimejaa.

Aprili 26

Mvua, mvua. Nimechoma chini ya bati, macho yamekuwa kama pilipili. Mashine ilikuwa imeona kwamba watu wawili wamepewa saa ile ile ya leo, ikamwambia Aika mapema. Ingekuwa mimi ningekumbuka jana jioni. Sijamwambia Aika hilo, na hapa naliandika kwa kuwa yeye hasomi daftari langu.

Mei 3, Jumamosi

Ndafu wa leo amekwenda ukumbi wa Ndesanjo, Levolosi. Ndesanjo ni mtu wa kwetu Machame, tulipata kipaimara siku moja, yeye akaendelea na shule, mimi nikaendelea na moto. Leo ana ukumbi wenye feni, na nusu ya ndafu wangu wanaingilia mlango ule. Ni mtu mwema, mwenye kujisikia kidogo, lakini mwema.

Nimepeleka mwenyewe na Lomayani saa kumi, kama tulivyoagizwa. Ndafu anachemka, mafuta yanadondoka, majani mabichi mdomoni. Maharusi walikuwa bado wanapigwa picha, mvua ikawazuia huko huko. Vijana wa ukumbi wakasema, "Mzee mwachie hapa, tutamtunza." Nikarudi kulaza magoti.

Mei 4

Magoti. Sikwenda kanisani.

Mei 6

Leo nimeuawa nikiwa hai, na naandika haya nikiwa nimenyolewa nusu.

Nilikwenda kwa kinyozi. Alikuwa amefika katikati ya kichwa, akasimamisha mashine yake, akanishika bega. "Mzee wangu, nakuheshimu sana. Wazee wengi hawawezi. Mtu kukiri kosa mbele ya watu, kwa umri wako, siyo jambo dogo."

"Nimekiri nini?"

"Habari ya yule ndafu mbichi wa Jumamosi."

"Mbichi?"

Akafungua simu yake. Kwanza nikamsikia Ndesanjo, sauti ya ukali, anasema ndafu wangu ameaibisha ukumbi wake, mafuta yameganda meupe kama mshumaa, nyama haikatiki, shangazi wa bibi harusi ametema mbele za watu. Halafu nikasikia mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi:

"Mzee mwenzangu Ndesanjo, pole sana kwa usumbufu. Kosa ni letu kabisa. Naomba radhi kwako na kwa familia nzima ya maharusi. Tutajitahidi kuboresha huduma zetu."

Kuboresha huduma! Sijawahi kutamka maneno hayo tangu nizaliwe. Na pale kwenye "naomba radhi" sauti ililegea, ikanyenyekea, ikawa kama ya mtu aliyevua kofia. Kinyozi anasema sauti hiyo imefika kila mahali, kwenye kundi la watu wa harusi, la wapambaji, la kwaya. Ndesanjo ndiye aliyeituma, na chini yake ameandika kwamba mhusika amekiri.

Nikatoka vile vile. Kinyozi ananikimbilia, "Mzee, upande wa kushoto bado!" Nikamwambia ubaki.

Aika alikuwa jikoni.

"Ni ujumbe wa kawaida wa biashara, baba. Mteja akilalamika unamtuliza. Kila kampuni inasema hivyo."

"Hiyo kampuni ina mvi?"

"Haina."

"Ilipata kipaimara na Ndesanjo?"

"Baba, sauti ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa ya kumsifu mbuzi! Sikukupa ya kupiga magoti!"

Theresia akaja mlangoni, akaangalia kichwa changu, akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Hapo nikajua hata yeye ameelewa kwamba nyumba inaungua. Nimewaambia wote wawili: kuanzia leo mashine hiyo isitoe hata kikohozi kwa jina langu.

Lomayani amekuja jioni. Amesema kijana mmoja wa ukumbi amemweleza kila kitu. Ndafu alifunikwa kwa karatasi ya nailoni, akasukumwa stoo kwenye kreti za soda, sakafu ya baridi, mpaka maharusi walipofika saa tatu. Saa tatu! Hata mimi Elieza ukinifunika nailoni kwenye baridi ya Mei muda wote huo nitaganda mafuta.

Mei 7

Nimekwenda Levolosi. Yatakayosomwa hapa yalisemwa hivyo hivyo.

Kwanza nieleze, kwa asiye wa kwetu. Kwetu samahani haitupwi hewani. Ukimkosea mtu kweli, unachuma jani la isale, unampa mzee mwenye busara apeleke. Aliyeletewa isale hawezi kukataa, hata kama ni damu, hata kama ni shamba. Ndiyo maana hatuchumi ovyo. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote amechuma mara moja. Mimi sijachuma. Sasa mashine imenichumia, imenipelekea, na dunia nzima imeona.

Ndesanjo alikuwa ofisini, miwani kwenye paji la uso.

"Karibu, mbe Elieza," akaniita kwa neno la heshima la kwetu. "Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuchukua samahani yangu."

"Ipi?"

"Hiyo uliyonayo kwenye simu."

"Hiyo nimeshaipokea."

"Uliipokea kwa nani?"

"Kwa sauti yako. Au ile ni ya mkeo?"

"Ni ya mashine. Aika ameweka mashine."

Akavua miwani akaifuta. "Basi mashine yako ina malezi kukuzidi."

Nikamwambia habari ya stoo, ya nailoni, ya kreti. Hakubisha. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu asiyejua angebisha. Akasema, "Elieza, ile familia ilitaka nirudishe fedha ya ukumbi. Nimewasikilizisha samahani yako wametulia. Unataka sasa niwapigie niwaambie mwenye kosa ni mimi?"

"Ndiyo."

"Nenda nyumbani ukamalizie kunyoa."

Tuliimba besi moja na huyu mtu kwenye kwaya ya vijana. Nilikuwa namwita mwema, hapo juu ipo, sitaifuta. Ibaki ionekane jinsi mtu anavyoweza kukosea.

Mei 10, Jumamosi

Ndafu mmoja tu, wa nyumbani kwa watu. Ukumbini wamechukua mbuzi wa mtu wa Sombetini anayechoma kwa mkaa. Mkaa!

Mei 12

Mvua haijakata. Shangazi yule aliyetema anasimulia sokoni. Watu wawili wameahirisha. Mmoja ameniambia kwa upole, "Mzee pumzika, umefanya sana." Mimi nipumzike!

Mei 14

Leo nimekaa jikoni karibu na Aika, maana mashine imefungwa mdomo na yeye anapokea simu kwa wake. Sikuwahi kukaa pale.

Mtu amepiga kutoka Njiro. Aika akamtajia bei, sauti ya adabu. Yule mtu akacheka. "Wewe binti, hiyo bei umeitoa wapi? Punguza nusu tumalize." Aika akaeleza kuni, akaeleza mbuzi wa kuhasiwa. "Haya mpe mzee simu, wewe mambo ya mbuzi huyawezi." Akafuata mwingine, vile vile. Wa tatu akamuuliza kama ameolewa.

Alipoweka simu hakuniangalia. Nikamuuliza, "Ndivyo wanavyokufanya?"

"Kila siku, baba. Wakisikia sauti yangu wanakata nusu. Wakisikia yako wanasema sawa mzee, tunaleta. Ulidhani niliweka sauti yako kwa sababu gani? Kwamba ni tamu?"

Kwa kweli nilikuwa nadhani hivyo.

"Sikutaka kukuuza," akasema. "Nilitaka kusimama nyuma yako kidogo, nipumue."

Simu ikalia tena, yule wa Njiro. Nikaichukua mimi. Nikamwambia bei imepanda.

"Aa, mzee! Tangu lini?"

"Tangu ulipomwambia binti yangu haziwezi habari za mbuzi."

Akaikubali. Bei ile ile iliyopanda. Aika aligeukia ukutani, mabega yanacheza, sikujua analia au anacheka, nikaenda kuangalia kuni.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri. Nilimkasirikia mtoto kwa kuazima mdomo wangu. Waliomfanya aazime sikuwakasirikia, nilikuwa nawauzia ndafu.

Mei 17

Moto haukuwashwa. Jumamosi ya Mei na moto haukuwashwa. Sitaandika zaidi.

Mei 21

Ndesanjo ametuma masharti, kwa Aika, mimi haniambii.

Iko harusi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya mchana. Bibi harusi ni wa Waarusha, na bibi yake mzaa baba, Silantoi, mama mwenye shanga na ulimi, amesema bila ndafu wa Elieza hatoki nyumbani. Aliwahi kununua kwangu harusi ya mwanawe. Akaomba punguzo asubuhi, mchana na jioni, na mara zote nilimnyima. Ndesanjo hawezi kumkatalia. Ila amesema hivi: Elieza alete ndafu, halafu asimame na maiki mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake ile samahani aliyoisema kwenye simu. Yule shangazi atakuwepo, ni jirani yao. Akisema, yameisha, ukumbi unarudi kama zamani. Asiposema, milango ya Levolosi imefungwa moja kwa moja.

Aika alikuwa na macho mekundu. "Baba, ni maneno mawili. Naomba radhi. Ni pumzi tu. Ukumbi ukienda, sisi tunakwenda."

Theresia: "Mwanangu, baba yako aliwahi kunikanyaga mguu siku ya harusi yetu. Bado nasubiri."

Lomayani alikuwa anachonga kijiti. Akasema kwao mzee akishasema neno kwenye kikao, neno limekaa, hata akifa limekaa. "Usiposema kitu, la mashine ndilo litakaa. Ukisema hilo hilo, umeligongelea msumari."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi nalea mbuzi, usiniulize mambo ya maiki."

Nimemwambia Aika nitakwenda na nitasimama. Akashukuru Mungu. Sikumwambia nitasema nini, kwa sababu sijui.

Mei 26

Mvua imepungua. Mlima umejitokeza asubuhi, ukajifunika tena.

Mei 30

Nimechagua mbuzi mwenyewe. Lomayani alitaka yule mweupe, nikakataa, tukagombana vizuri kama zamani. Tumemchukua mweupe.

Mei 31, Jumamosi

Niandike kabla mkono haujapoa.

Tumefika Levolosi saa nane. Sikukubali ndafu ashikwe na mtu. Nilikaa naye mlangoni jikoni, kiti changu na ndafu wangu. Kijana wa ukumbi akaja na nailoni. Lomayani akamwangalia tu. Kijana akarudi nayo.

Muziki ukapigwa, ndafu akaingia kwenye kitoroli, wamama wa Kiarusha wanaruka naye, shanga zinalia, Wachaga wanapiga vigelegele, moshi unapanda kutoka mgongoni mwake. MC akasema, "Na kabla hatujakata, mchomaji wetu, mzee Elieza, ana neno kwa wageni wetu!" Nikaona simu zinainuliwa kunirekodi. Ndesanjo alisimama kwenye nguzo, mikono kifuani. Aika alikuwa karibu na meza ya soda, ameshika kitambaa kwa mikono miwili.

Nikashika maiki. Nikasema, "Mmesikia sauti kwenye simu ikiomba radhi. Ile sauti si mimi."

Ukumbi ukacheka wote. Maana nililisema kwa sauti ile ile. Ile ile, na kikohozi chake.

Mtu wa nyuma akapaza, "Na hii tutajuaje kama ni wewe?" Wakacheka tena, mpaka bwana harusi. Mwingine akasema, "Mzee amejichomeka chaji!" Mimi hapo nilikauka. Nimezoea moto wa aina zote, ule sikuuzoea. Niseme nini wakati kila nitakachosema kinatoka kwenye mdomo ule ule wanaodhani wameshausikia?

MC akaona mambo yanaharibika, akanisogelea kwa tabasamu. "Basi mzee wetu, tusirefushe. Iwe ilikuwa mashine, iwe ilikuwa nani, leo uko hapa mwenyewe. Omba radhi kidogo tu, tukate ndafu. Shangazi yule pale anakusikiliza."

Nikamwona Aika. Midomo yake inasema, baba tafadhali.

Nikasema, "Siombi."

Nikaishika maiki kwa mikono miwili.

"Ndafu wa siku ile alitoka kwenye moto wangu ameiva na ameingia mlango huu anachemka. Aliyemfunika nailoni akamlaza stoo mpaka usiku yumo humu ndani, na aliyemwajiri yumo pia. Wakiona haya waombe wao. Mimi siombi leo, siombi kesho. Mkitaka fungeni mlango. Nitachoma barabarani. Huyu hapa mbele yenu anafuka moshi, na kadiri mnavyonisubiri nipige magoti ndivyo anavyopoa, na akipoa kosa ni lenu!"

Mchungaji alishika kipaji cha uso. Mahali pote pakawa baridi. Nikasema moyoni, basi, Elieza, umeuzika ukumbi.

Ndipo bibi Silantoi akasimama. Alisimama kwa fimbo, shanga zote zikasimama naye. Akaninyooshea fimbo ile.

"Ndiye!" akasema. "Huyo ndiye! Nilimwomba punguzo siku nzima na njaa tumboni, akaninyima hivyo hivyo, na uso huo huo. Mashine gani ingekataa mbele ya mchungaji? Huyo ni Elieza! Mkateni mbuzi, mjinga huyu hatabadilika!"

Ukumbi ulipasuka. Wachaga na Waarusha pamoja wanapiga meza, "Ndiye! Ndiye!" Yule shangazi alikuwa anacheka mpaka kilemba kimelala sikioni. Bibi harusi akakata, ngozi ikalia, kila mtu akaisikia kwa sababu MC aliweka maiki pale. Shangazi akaletewa kipande. Hakutema. Akaomba cha pili, akamgeukia Ndesanjo na mdomo umejaa, akamuuliza mbele za watu, "Hiyo stoo yako iko wapi, hebu tuione?"

Ndesanjo hakuinua kichwa.

Juni 1, Jumapili

Amekuja mwenyewe, baada ya ibada. Akasimama getini. Nilimwacha asimame kidogo, halafu magoti yangu yakamwonea huruma magoti yake, nikampa kiti.

"Nilijua siyo wewe," akasema. "Tangu neno la kwanza. Nilipoisikia ile pole sana nilishtuka, nikadhani labda Elieza ameugua, anaaga."

"Na bado ukaituma."

"Nikaituma."

Tukakaa. Nikangoja. Akaangalia moto, akaangalia kuni, akasema, "Jumamosi ijayo lete kama kawaida. Nimeagiza wajenge sehemu karibu na jiko, penye joto. Stoo nimeifunga kufuli."

Ni hivyo tu. Hakusema samahani, na mimi sikumwambia aseme. Hapo nikamheshimu tena. Angeniomba radhi upesi upesi ningedhani na yeye ameweka mashine.

Juni 3

Tumekaa kikao, mimi, Aika, mama yake. Mashine ibaki, ipange tarehe, ihesabu kuni, iwakumbushe watu. Sauti yangu imetolewa. Aika amenipigia mara ya mwisho niisikie ikimsifu mbuzi, halafu akaifuta. Niliona vibaya kidogo. Ilikuwa sauti nzuri.

Amerekodi ya kwake. Nilikaa mbele yake kama yeye alivyokaa mbele yangu. Mara ya kwanza aliongea kama anaomba lifti. Nikamwambia rudia. Mara ya pili vile vile. Nikamwambia mfikirie yule mtu wa Njiro. Ya tatu Theresia akaacha maharage akageuka kuangalia ni nani aliyeingia ndani.

Juni 7, Jumamosi, kuamkia Pentekoste

Jua. Ndafu wawili motoni, mmoja wa Levolosi. Simu ililia nikiwa napaka chumvi, ikajibu yenyewe: "Karibu. Unaongea na mashine ya Aika wa Elieza, mimi si mtu. Bei ni hii, haipungui. Ukitaka kulalamika njoo Kimandolu uongee na wenyewe, ana kwa ana."

Huyo mteja akaja kweli, bwana mmoja na gari lake, amekasirika.

"Mzee, hiyo mashine yenu haina lugha ya biashara. Nimeiambia sijaridhika, haijasema hata samahani!"

Aika alinitazama. Nikamtazama. Akatoka mbele yangu, mikono ina majivu mpaka kwenye viwiko, akamwambia mwenyewe, na mimi nikabaki nyuma yake nikigeuza mbuzi:

"Hapa tunachoma ndafu, kaka. Samahani hatuchomi."